Njia ya waya

Humu wengi wameandika kuhusu safari, kambi na makaratasi. Mimi leo naandika kuhusu nyaya za taa za gari. Nivumilieni, mtaona kwa nini.

Asili yetu ni Ngumi, kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni vilivyojipanga kusini ya Kismayo. Huko hakuna gari, kuna mashua. Mimi nilizaliwa Kismayo, nikaletwa Mombasa mdogo, na bahari ya kwetu naijua kwa maneno ya baba zaidi kuliko kwa macho yangu. Baba alikuwa mvuvi. Mimi najifunza umeme wa gari kwenye gereji ya mtaani. Sina mkataba wala mshahara wa mwezi, nalipwa kwa kazi. Ukiharibu, hulipwi. Ukiharibu sana, huitwi tena.

Mwaka jana ililetwa Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Mwenyewe ni mzee anayetoka kabla ya alfajiri kufuata samaki Malindi. Alitaka gari lirudi kama zamani: rangi, breki, viti. Lakini shida yake kubwa ilikuwa taa. "Mwanangu," akaniambia, "naendesha kama nimeshika koroboi. Juzi nimebakisha kidogo kumgonga mtu wa baiskeli."

Kuna fundi alikuwa amemuwekea globu kubwa za wati 100. Mambo yakazidi kuharibika. Kwenye gari hilo umeme wote wa taa ulikuwa unatoka kwenye betri, unaingia ndani hadi kwenye swichi ya usukani, halafu unarudi tena mbele mpaka kwenye taa. Globu mbili za wati 55 zinavuta kama ampea 9. Za wati 100 zinavuta karibu 17, na zote zinapita kwenye kiswichi kile kile cha zamani. Plastiki yake ilikuwa imeanza kuyeyuka.

Nikachukua mita. Kwenye betri nikapata volti 12.4. Kwenye taa, 10.6. Basi ugonjwa haukuwa globu, ulikuwa njia. Taa ikikosa volti moja tu kati ya 12, inapoteza kama robo ya mwanga wake, na hii ilikuwa imepoteza karibu mbili.

Dawa yake inajulikana: rilei. Unavuta waya mnene kutoka betri hadi kwenye rilei, na kutoka rilei hadi kwenye taa, bila kuingia ndani ya gari. Swichi ya zamani inabaki na kazi ya kuiamrisha rilei tu, kazi isiyofika hata robo ya ampea. Fundi wetu akaniambia, "Haya, fanya peke yako." Mara ya kwanza kuambiwa hivo. Nilifurahi sana.

Na furaha ndiyo iliyoniponza. Nilitaka kumaliza siku ile ile, basi nikavuta waya kwa njia fupi kabisa, nikaukatisha juu ya injini, karibu na ekzosi pale inapotoka, nikaufunga kwa tepu. Nikaweka fyuzi moja kwa taa zote. Usiku tukawasha, ukuta mzima ukawa mweupe! Mzee akanipa mkono kwa mikono miwili.

Wiki moja baadaye, saa kumi za usiku, njia ya Malindi, taa zote mbili zikazimika kwa pamoja. Tepu ilikuwa imeachia kwa joto, waya ukalala kwenye ekzosi, ganda likayeyuka, shaba ikagusa chuma, fyuzi ikakatika. Mzee alikuwa kwenye kona, giza totoro. Akashika breki, akaingia kwenye nyasi kando ya barabara. Hakuumia mtu. Na alhamdulillahi ile fyuzi ilikuwepo, maana bila hiyo gari lingewaka moto.

Asubuhi gari likavutwa mpaka gereji. Fundi aliuliza nani kafanya, ilhali anajua. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Si huyo mkimbizi?" Sikujibu. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeshaamua sirudi.

Baba hajui umeme. Lakini aliponiona silali aliniuliza, nikamwambia yote. Akasema, "Nichoree. Waya uliupitisha wapi?" Nikamchorea. Akaweka kidole katikati ya karatasi. "Na hapa ulikuwa unagusa nini?"

Nikamwambia, unagusa moto.

Akanyamaza. Halafu akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza: siku tuliyotoka Kismayo. Ukitoka nje ya visiwa, kwenye bahari kubwa, njia ni nyoofu. Yeye alipita ndani, baina ya visiwa na bara, kule ambako mawimbi yanavunjika kwenye miamba ya nje kabla ya kukufikia. Ni polepole. Unangoja maji yajae, unazunguka mafungu. Watu ndani ya mashua walikuwa wanamlalamikia, ati twende, twende. "Peke yangu ningepita nje," akasema. "Lakini nilikuwa nimebeba watu. Ukibeba watu, hutazami njia ni fupi kiasi gani. Unatazama itakugusisha nini."

Asubuhi nikarudi. Mzee alikuwa ameshakaa pale kwenye kigoda, ananingoja. Nikamwomba radhi. Akasema, "Umeharibu wewe, utatengeneza wewe." Fundi akakubali, ila bei ya waya nilipe mimi.

Nilianza upya, siku tatu. Nyaya nikazipitisha pembeni, ndani ya ukingo wa madigadi, mbali na ekzosi na feni, ndani ya bomba la plastiki. Kila tundu la bati nikalivisha pete ya mpira ili waya usikatwe. Kila baada ya shubiri mbili nikaufunga, na karibu na taa nikauacha ulegee kidogo, maana gari linatikisika. Rilei mbili, ya dimu na ya fuli. Fyuzi nne za ampea 10, kila taa na yake, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Globu nikarudisha za wati 60 na 55. Na waya wa ardhi, ule mweusi, sikuutegemea bodi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu na chasisi ni chuma, na hapa pwani chumvi inavila pale vinapokutana. Nikauvuta mpaka kwenye betri yenyewe.

Nikapima tena. Betri 12.4, taa 12.1. Halafu nikamwomba mzee tuwashe injini, taa ziwake saa nzima, na kila baada ya muda nikawa napitisha mkono kwenye nyaya kusikia kama kuna joto. Hakuna. Safari hii hakunipa mkono. Aliingia kwenye gari akaenda, na kesho yake alfajiri akaenda Malindi. Mpaka leo anaenda.

Bado sina mkataba. Lakini ilipokuja gari nyingine ya zamani, fundi aliniita mimi. Kabla sijakata hata waya mmoja nilipita na kidole njia nzima, nikijiuliza lile swali la baba.

Kwenu wenzangu mnaoambiwa kila siku kuna njia fupi, ya wakala au ya boti: mimi siwahukumu, kila mtu na shida yake. Ulizeni tu itawagusisha nini. Na nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, kozi na vyeti tunashukuru. Lakini kijana akiharibu, msimfute mara moja kwenye orodha. Mimi kazi hii sikuijua siku taa zilipowaka. Niliijua siku niliporuhusiwa kurudi kutengeneza nilichoharibu.