Jumamosi Kwenye Njia ya Morningside

Sisi tunaoishi Morogoro tunaamka na milima ya Uluguru kila siku. Ipo nyuma ya nyumba, nyuma ya kanisa na nyuma ya zahanati. Mama akianika nguo huitazama kwanza ajue kama mvua iko njiani. Maji ya Mto Morogoro yanateremka kutoka huko, na hata ndugu zetu wa Dar es Salaam, karibu kilometa 190 kutoka hapa, wanakunywa maji ya Mto Ruvu ambao chanzo chake ni milima hii hii. Lakini mtu akituuliza akina mama wa mjini ni nani kati yetu aliyewahi kuipanda, tulikuwa tukitazamana tu. Tulidhani mlima ni wa wenyeji wanaolima huko juu, na wa Wazungu wenye mabegi mgongoni.

Kilichotutoa nyumbani ni presha. Siku moja baada ya ibada tulipima presha ya damu katika kikundi chetu cha akina mama, na waliokutwa imepanda walikuwa wengi kuliko tulivyotazamia. Sisi tulio wauguzi tukawaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mama mmoja akauliza, je, kufua na kupiga deki si mazoezi? Tukamjibu kwamba ni mazoezi, ila mara nyingi huambatana na kuwaza ada ya shule, na moyo haupati mapumziko. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyebisha.

Hapa mjini kuna kikundi cha kupanda milima. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hukutana alfajiri, hupanda, na kabla ya jua kuchwa wamesharudi. Wengi wao ni vijana, wanafunzi wa chuo na wafanyakazi wa ofisini. Tuliwaomba tujiunge nao, wakatukaribisha. Tulikuwa akina mama tisa.

Mambo ya mavazi yalituchukua muda kuliko hata mambo ya afya. Wapo waliosema mama wa kanisa havai suruali mbele ya vijana, na wapo waliosema mlima haujui sketi. Mwishowe kila mmoja alivaa alivyoona vema. Wengi tulivaa suruali pana na juu yake tukafunga kitenge, na tulipofika penye mwinuko mkali vitenge vilihamia mabegani vyenyewe bila mjadala. Viatu tu ndivyo visivyo na hiari. Raba yenye meno chini, na iliyokwisha kuzoea mguu. Aliyevaa raba mpya alirudi na malengelenge mawili.

Waume zetu nao walikuwa na maswali yao. Mmoja alitaka kujua huko mlimani kunauzwa nini.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukaifuata barabara ya Boma hadi lami ilipotuacha. Kutoka hapo ni njia ya udongo mwekundu na mawe. Mji upo kwenye mwinuko wa meta 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na Morningside, lile jengo la zamani la tangu enzi za Wajerumani, lipo kama meta 1,300. Basi mtu anapanda meta 800 kabla hajakaa kitako. Vijana hutumia saa mbili. Sisi tulijiwekea saa tatu na nusu.

Kwa asiyeijua, njia ile si pori. Ni njia ya watu. Pande zote mbili kuna migomba, maharage, kabichi, na stroberi katika vishamba vilivyong'ang'ania mteremko mkali kiasi kwamba unajiuliza mlimaji anasimama wapi. Hapa wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba matuta, hadi mwaka 1955 wananchi wakakataa na kukazuka ghasia upande wa Matombo. Kwa Waluguru ukoo na ardhi kwa desturi hufuata upande wa mama, na mtu akitembea hapa asubuhi anaelewa, kwani karibu kila uliyekutana naye ni mwanamke. Wanateremka wakielekea soko kuu la Chifu Kingalu, tenga kichwani juu ya ngata, kandambili miguuni, na wanakwenda mbio kuliko sisi tuliovaa raba. Tulipowasalimia waliitikia bila kusimama. Ukisimama na tenga kichwani, shingo ndiyo inayolipa.

Kabla ya kuanza tulikuwa tumepima presha ya kila mama, tukamwomba mmoja aliyekutwa na presha ya juu mno arudi nyumbani siku ile. Tuliona tumefanya kazi yetu. Tukasali, tukasoma Zaburi ya 121, tukaondoka.

Mwenzetu mmoja, aliyejifunga kitenge cha buluu, ni mgonjwa wa kisukari. Tulilijua hilo. Tulimwuliza kama amemeza dawa yake ya asubuhi, akasema ndiyo, tukafurahi. Swali la pili hatukuuliza.

Baada ya mwendo wa saa moja na nusu alianza kubaki nyuma. Sisi tulikuwa mbele, tukizungumza na vijana habari za miti. Aliyekuwa karibu naye alimhimiza, akajibiwa kwa ukali ambao si tabia yake. Tulipoambiwa tulisema, "Amechoka, mwacheni apumue." Tukaendelea na miti yetu. Kumbukumbu hiyo bado inatuuma, kwa sababu jasho la baridi, kutetemeka, hasira ya ghafla na maneno yasiyonyooka ni dalili tunazozifundisha kliniki. Zinapompata mgonjwa kitandani tunazijua mara moja. Zilipompata rafiki yetu njiani tuliziita uchovu.

Bibi mmoja alikuwa akiteremka na tenga la karoti na kabichi. Alipofika kwa mwenzetu, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye jiwe macho yakitazama mbali, alifanya jambo ambalo hatukumwona mwingine akilifanya njia nzima. Alitua mzigo.

"Huyu hana kitu tumboni," akasema. "Mwanangu, umekula nini?"

Hakujibu. Kumbe mwenzetu alikuwa ameamka saa tisa usiku. Alipika uji wa watoto, akakaanga maandazi ya mume wake, akapasi sare za shule za Jumatatu ili asionekane ametoroka kazi zake, akameza kidonge chake na maji, akafunga mlango. Uji ulibaki kidogo akamwachia mtoto wa mwisho. Na kidonge chake ni cha aina ile inayolisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Ukiongeza mlima juu ya hapo, sukari ya damu lazima ishuke.

Tulirudi mbio. Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, tulimnywesha maji tuliyokoroga vijiko vinne vya chai vya sukari, sukari ambayo kijana mmoja alikuwa nayo kwa ajili ya chai yake. Sisi wauguzi hatukuwa nayo. Tukasubiri robo saa. Mikono ikaacha kutetemeka, akatutazama, akauliza kwa nini tumemzunguka kama msibani. Hapo yule bibi akafungua pindo la kanga yake akatoa ndizi mbivu tatu, chakula chake cha safari, akamshikisha zote. Tulitaka kumlipa, akakataa. Basi tukamnunulia karoti, nyingi kuliko akili, tukazipandisha mlima na kuziteremsha tena. Nusu yake tulizitafuna huko juu.

Tungependa kila mama mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani akumbuke hapa tulipokosea. Dawa ya namna hiyo, au sindano ya insulini, huendana na chakula. Anayekwenda shambani, kisimani au safari ya miguu ale kwanza, na awe na sukari, soda yenye sukari au pipi mahali mkono unapofika. Dalili zikianza, apewe kitu cha sukari papo hapo, nusu glasi ya soda yatosha kuanzia, na akipata nafuu ale chakula kamili. Akiwa amepoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Vijana walishauri tugeuze wote. Mwenzetu mwenyewe alikataa kuteremka, na sisi tukakataa apande. Tulibaki naye wanne hapo kwenye jiwe hadi alipokula na kupata nguvu kabisa, kisha tukateremka naye polepole. Waliofika Morningside walituhadithia baadaye. Walisema mji wote ulikuwa chini yao kama mkeka uliotandikwa, tambarare ikienda kaskazini hadi macho yachoke, na juu yao msitu wa hifadhi na minara ya Bondwa ikitokeza na kupotea katika ukungu. Tulisikiliza kwa wivu kidogo, tusiseme uongo.

Jumapili iliyofuata katika kikundi tuliulizana jambo moja tu: jana asubuhi nani alikula kabla ya kutoka? Kati ya wanane tuliopanda, watatu. Wengine tulikuwa tumelisha nyumba nzima. Mama mmoja mzee akatukumbusha habari za Eliya chini ya mretemu, kwamba malaika hakumhubiria, alimwamsha na kumlisha, tena mara mbili, ndipo akaenda Horebu. Tangu siku hiyo kipimo cha presha hutoka mfukoni baada ya sufuria ya uji. Tunapika kwa zamu, na hakuna anayeanza njia kabla bakuli lake halijaonekana tupu. Wa mwisho kwa mwendo hutembea mbele, na muuguzi hutembea nyuma.

Mwenye kutaka kujaribu achague miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, maana wakati wa masika udongo ule huteleza kama bamia. Kushuka huumiza magoti kuliko kupanda, kwa hiyo fimbo si ya wazee peke yao. Na anayetaka kupita Morningside aingie msituni amwone kwanza mtu wa ofisi ya misitu mjini, kwa kuwa huko ni hifadhi na kuna kiingilio.

Mwezi uliofuata tulikutana tena mahali pale pale. Vijana walikuwa wamekwisha kaza kamba za viatu. Mwenzetu wa kitenge cha buluu alikuwa ameketi juu ya ukuta mdogo kando ya barabara, bakuli mapajani, wali wa jana na maharage, akila bila haraka yoyote. Kijana mmoja alitazama saa. Kisha akaketi naye akasubiri.