Kibao cha Zakaria

Usiku ule mwanetu alilia kuanzia saa tano hadi alfajiri. Ana miaka 9 na hasemi. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Anasikia na kuelewa, lakini ulimi na midomo havimtii. Tulimpa uji, akausukuma. Tulimpapasa tumbo, tukaomba, tukakemea. Kulipopambazuka tulifungua kabati, tukampa kishikwambi chake chenye picha zinazotamka maneno. Aligusa picha ya sikio, kisha picha ya maumivu, akatutazama.

Kifaa hicho kilikuwa hatua tatu kutoka kitandani kwake, kimefungiwa kwa ufunguo.

Tulikuwa na sababu zetu. Tulijinyima sana kukinunua, tukaogopa kisianguke, chaji isiishe umeme ukikatika. Kwa hiyo tulikitoa saa ya masomo tu. Akifanya utundu tulimnyang'anya. Jumapili tulikiacha nyumbani, maana siku moja mlangoni mwa kanisa tuliambiwa ibadani hakuna michezo ya simu, nasi tukaona haya kueleza. Hatukujua kwamba tulikuwa tunafungia sauti ya mtoto kabatini. Mtoto anayesema huomba maji usiku wa manane, hulalamika, hata hujibu ovyo, wala hakuna anayemwondolea ulimi.

Katika Luka sura ya 1, Zakaria alikuwa bubu siku mtoto wake alipotahiriwa. Ndugu na majirani walikwisha kumchagulia mtoto jina. Walipomuuliza baba kwa ishara, aliomba kibao, akaandika jina la Yohana. Miaka yote tulisoma habari hiyo tukitazama muujiza wa ulimi kufunguliwa. Sasa tunakitazama na kile kibao. Zakaria alitoa neno lake kabla ulimi haujafunguka, kwa sababu kibao kilipatikana saa ile ile alipokihitaji.

Siku hizi kifaa cha mwanetu kinaning'inia shingoni mwake kwa mkanda, na usiku kinalala kando ya mto wake. Umeme ukikatika, yuko na karatasi ngumu ya picha tuliyoifunika kwa plastiki. Sauti inayosikika ni ya dada yake, aliyerekodi neno moja moja. Wengine hutuuliza kama hatutamfanya mvivu wa kusema. Wataalamu wa matamshi wanatuhakikishia kwamba picha hazizuii usemi. Nasi tunaendelea kumwombea, wala hatuoni kifaa kuwa upungufu wa imani.

Hivi karibuni, baada ya ibada, mama mmoja alimwekea mikono kichwani ili amwombee. Mwanetu akabonyeza, "Sitaki." Tulitaka kumkemea, kisha tukakumbuka kwamba hilo nalo ni neno lake. Yule mama aliondoa mikono, akachuchumaa, akamuuliza, "Basi nikuombee nini, mwanangu?" Tulingoja. Kidole chake ni cha taratibu. Akabonyeza, "Rafiki."

Wapendwa, mkimwona mtoto wa namna hii katikati yetu, msimchukulie kifaa chake, wala msiharakishe kumsemea. Muulizeni, kisha mngoje. Mungu aliyemsikia Zakaria katika ukimya wake anamsikia na huyu. Atusaidie na sisi tumsikie.