Breka Haina Kosa

Sisi sita tunaoishi nyumba moja hapa Leicester tuligombana kwa ajili ya shawa ya umeme. Asubuhi za baridi, wa kwanza alioga salama. Kwa wa tatu breka ilijifyatua, naye akatoka na sabuni kichwani akitulaumu sote.

Tuliazimia kununua breka kubwa zaidi. Kwani nyumbani fyuzi ikiungua si tulikuwa tunafunga kipande cha waya, maisha yakaendelea?

Fundi tuliyemwita, mzee wa Mombasa, alitukataza. Alisoma maandishi ya shawa: kilowati 9.5. Kwa volti 230, hiyo ni ampea 41. Breka ilikuwa ya 32, na waya wake mwembamba ulifungwa kwa shawa ndogo ya zamani. Kila aliyeoga aliupasha moto zaidi.

"Wanangu, breka haina kosa. Mkiweka kubwa, utaungua waya ukutani, nanyi mmelala."

Tulinyamaza. Tulioga kwa ndoo na kata wiki mbili, hadi mwenye nyumba alipokubali kulipia waya mnene na breka inayoufaa. Tangu hapo, breka ikijifyatua, hatumtafuti mchawi, tunamwita fundi.