Andika Sababu: Barua kwa Kijana wa Mipango Miji

Kibada, Kigamboni,
Dar es Salaam.

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia kwamba umepangiwa dawati la maombi ya uendelezaji, maana hapo ndipo utakapoijua kazi yenyewe. Chuo Kikuu Ardhi kimekufundisha kuchora mji. Sasa utakutana na watu wanaoishi ndani ya michoro hiyo.

Umeniomba ushauri juu ya maombi mawili yanayokwenda Kamati ya Mipango Miji na Mazingira mwezi ujao. La kwanza ni la mstaafu anayetaka kubadili matumizi ya kiwanja chake kutoka makazi kuwa makazi na biashara, ajenge fremu kumi mbele ya nyumba. La pili ni la ghorofa nne za kupangisha, katika mtaa ambao nyumba zote ni za chini. Majirani wamepinga yote mawili kwa barua moja yenye saini nyingi, mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri, na simu zimeshaanza kukufikia kutoka pande zote mbili. Unataka nikwambie nani ana haki.

Hilo siwezi kukwambia, kwa sababu viwanja hivyo sijaviona. Nitakwambia jambo ambalo miaka yangu ofisini ilinithibitishia: uamuzi wa ardhi husimama au huanguka kwa sababu zilizoandikwa. Lolote mtakaloamua, liandikieni sababu ambazo hata aliyeshindwa ataweza kuzisoma, akaenda nazo kiwanjani kuzikagua kwa macho yake, na akazipinga mbele ya mwingine akitaka.

Anza na mchoro uliopitishwa. Mchoro ule ni ahadi. Mimi naishi kwenye kiwanja cha ule mradi wa viwanja 20,000 uliofanyika hapa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliogusa Kibada, Bunju, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni na kwingineko. Waliokuja kununua walionyeshwa karatasi: hapa makazi, hapa shule, hapa eneo la wazi. Wakatoa akiba zao kwa kuiamini karatasi hiyo. Jirani anayesema "sisi tulinunua makazi" anadai ahadi iliyotolewa na mamlaka, na anastahili kusikilizwa kwa heshima. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya mwaka 1956, imeipa halmashauri mamlaka ya kupanga, na inataka mtu apate ridhaa kabla ya kuendeleza. Ulinzi wa yule jirani unaanzia hapo.

Lakini mji hauwezi kubaki ulivyochorwa. Itazame Sinza. Ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, watu wapate mahali pa kujenga na kuishi. Pita leo kandokando ya barabara zake kubwa uone baa, hoteli, maduka ya nguo na saluni zilivyopangana. Mabadiliko hayo yalikuja kiwanja kwa kiwanja. Kila fremu ilipoangaliwa peke yake ilionekana ndogo, haina madhara. Kwa hiyo unapoandika taarifa yako, usiishie kwenye fremu kumi za mstaafu. Iulize kamati: majirani wake ishirini wakija na ombi kama hili, nao mtawakubalia? Kama jibu ni ndiyo, basi mtaa mzima upangwe upya kwa uwazi, wenyewe wakishirikishwa. Kama jibu ni hapana, semeni kiwanja hiki kina tofauti gani na vingine.

Wala usimdharau anayeomba fremu. Hesabu ya mstaafu inaeleweka: kiinua mgongo kinakuja mara moja tu, lakini fremu humpa kodi kila baada ya miezi kadhaa, hata akiwa anaumwa kitandani. Tena mara nyingi upungufu unaanzia serikalini. Kwenye michoro tunaweka viwanja vya soko, maduka na zahanati, kisha vinakaa miaka na miaka bila kuendelezwa huku nyumba zikijaa pande zote. Mama hawezi kupanda bodaboda kila anapohitaji chumvi. Basi duka la mtaa linaanzia dirishani, linapata kibaraza, linaezekwa bati, na kabla kikao hakijakaa tayari kuna fremu nne na saluni. Kwa hiyo chunguza kama mtaa ule una mahali palipotengwa kwa ajili ya maduka, na kama pamejengwa. Kama pamebaki pori, hiyo ni hoja ya mwombaji, na iandikwe hata kama yeye mwenyewe hakuisema.

Kisha nenda saiti. Nenda mchana, urudi jioni watu wakitoka kazini, na ukiweza nenda mvua inaponyesha. Pima barabara kwa futi yako mwenyewe. Mchoro unaweza kusema mita kumi, ukakuta ukuta wa huyu na ngazi za yule zimebakisha sita. Angalia lori la soda litasimama wapi likishusha kreti, na likiwa limesimama, gari la zimamoto litapita wapi. Tazama shimo la maji taka liko upande gani na kisima cha jirani kiko umbali gani.

Nakumbuka ombi moja la fremu nane, katika mji ambao sitautaja. Majirani walileta barua ndefu iliyojaa kelele, wizi na kuporomoka kwa maadili. Tulipofika kiwanjani, mzee mmoja hakuzungumzia lolote kati ya hayo. Alituongoza hadi kwenye kona, akasukuma majani kwa fimbo yake, tukaona mfereji wa mawe wa zamani ukipita palepale ambapo msingi wa fremu ungekaa. Maji ya mtaa wote wa juu yalishukia hapo kwenda bondeni. Mwenye kiwanja hakuuficha. Alinunua ukiwa tayari umezibwa na majani, na aliyemchorea ramani hakuuonyesha. Kamati ikakubali fremu tano, zirudi nyuma ya mfereji, mfereji ubaki wazi, na pasiwe na baa wala gereji. Kila sharti likaandikiwa sababu yake. Mwombaji alinung'unika, lakini alijenga tano. Miaka ilipita, kiwanja kikauzwa, mnunuzi akaja ofisini kutaka kuongeza tatu. Afisa aliyekuwepo hakuhitaji kututafuta sisi wa zamani. Alifungua faili akamsomea.

Nimeona pia faili ambalo muhtasari wake ulikuwa na mstari mmoja tu: ombi halikukubaliwa. Mwombaji akaamini kwamba amekataliwa kwa kuwa hakutoa kitu kidogo. Majirani wakaamini kwamba wameshinda kwa kuwa wanajuana na mkubwa fulani. Yule bwana akajenga hivyo hivyo, na siku ya kuchora alama nyekundu ya X ukutani, ofisini hakuna aliyeweza kueleza kosa la jengo lile zaidi ya kukosa karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mamlaka ya kuamua juu ya ardhi ni mali ya wananchi. Nayo inahitaji daftari.

Sasa tuje kwenye pingamizi lenyewe. Saini ziwe nyingi au chache, kinachopimwa ni hoja. Ichambue ile barua ya majirani mstari kwa mstari. Maegesho, maji taka, mvua, mwanga, kelele za jenereta usiku, njia ya watoto kwenda shule: haya yote yanahusu matumizi ya ardhi na yanaweza kupimwa. Mwenye duka anayepinga kwa sababu duka jipya litamnyang'anya wateja ana wasiwasi wa kweli, lakini kazi ya kamati si kumlinda na ushindani. Na anayeandika kwamba ghorofa "italeta wapangaji wa ovyo" hajatoa hoja ya mipango miji hata kidogo.

Hapo naomba uwe imara, mwanangu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 5.38. Ongezeko la watu milioni moja katika miaka kumi, na mikoa mingine nayo inajaa. Wengi wa hao ni vijana: muuguzi aliyepangiwa kituo kipya, mwalimu, fundi, wewe mwenyewe uliyeniandikia kwamba umehangaika kupata chumba. Kila mtaa ukikataa nyumba za kupangisha kwa sababu wapangaji ni wageni, watu hao watajenga bondeni mafuriko yanapopita, na gharama tutailipa sote. Ghorofa ikataliwe au ipunguzwe kwa sababu ya maji taka, au kwa sababu madirisha yatachungulia uani kwa jirani na hakuna namna ya kuyahamisha. Kipato cha atakayeishi humo hakituhusu.

Na mkikubali, kazi ndiyo inaanza. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la maduka lilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha, wafanyabiashara na wateja waliotoka nyumbani kwenda kutafuta riziki. Siwezi kuyaandika haya bila uchungu. Idadi ya ghorofa iliyoandikwa kwenye kibali lazima mtu aende kuihesabu saiti, nguzo zikiwa bado zinaonekana. Ukisikia mtu anachimba chini ya jengo lililokwisha simama ili apate stoo au fremu zaidi, nenda siku hiyo hiyo pamoja na mhandisi. Kibali kisichofuatiliwa kinampa mjenzi kinga ya karatasi, na waliomo ndani ya jengo hawapati kinga yoyote.

Juu ya simu unazopigiwa: zipokee kwa adabu, usikilize, kisha mwambie anayepiga kwamba hoja yake, iwe nzuri au dhaifu, ailete kwa maandishi iingie kwenye faili. Wengi hawatarudi. Diwani akipiga, kumbuka kwamba wananchi wamemchagua, na ana haki ya kutokukubaliana na taarifa yako. Mtaalamu hushauri, kamati huamua. Hata hivyo, kamati ikienda kinyume na ushauri wako, omba kwa heshima kwamba sababu zao ziingie kwenye muhtasari. Mjumbe mwenye maslahi katika kiwanja anapaswa kuyatamka na kukaa pembeni. Huna haja ya kugombana naye. Muulize mwenyekiti kikao kinapofunguliwa, mbele ya wote, kama kuna mwenye maslahi ya kutamka. Swali hilo likiulizwa kila kikao, hakuna atakayeona kwamba limemlenga yeye.

Nikupe mfano wa sababu iliyoandikwa vizuri, uutumie kama kipimo. Tuseme ile ghorofa mmeipunguza. Usiandike "imeonekana haifai." Andika hivi: "Ombi limekubaliwa kwa ghorofa tatu. Ghorofa ya nne haikukubaliwa kwa kuwa shimo la maji taka lililoonyeshwa halitoshi kwa idadi ya wapangaji, na hakuna nafasi ya shimo la pili bila kukaribia kisima cha jirani wa mashariki. Hoja kwamba wapangaji wataharibu mtaa haikuzingatiwa, kwa kuwa kamati hupanga matumizi ya ardhi na haimchagulii mtu jirani." Mwombaji akisoma hapo anajua la kurekebisha, pengine atarudi na mfumo mwingine wa maji taka apewe ghorofa yake ya nne. Jirani mwenye kisima anajua kwamba alisikilizwa. Na yule asiyependa wapangaji anajua kwa nini hoja yake haikupita.

Ukimaliza rasimu za taarifa zote mbili, mpe mtu asiyefanya kazi ofisini kwenu azisome, mama lishe au fundi wa jirani. Asipoelewa kwa nini mnapendekeza hivyo, ziandike upya, kwa sababu mstaafu wako na majirani zake nao hawataelewa. Wakishaelewa wanaweza kukasirika wakabaki majirani. Wasipoelewa, kila mmoja ataamini kwamba mwenzake amehonga, na chuki hiyo itakaa mtaani muda mrefu kuliko fremu zenyewe. Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika kazi hii.

Nitumie nakala ya rasimu kabla ya kikao kama taratibu zenu zinaruhusu. Kama haziruhusu, nisimulie baadaye. Msalimie wifi yangu mama yako ukimpigia simu, na usiache kula kwa sababu ya mafaili.

Mimi shangazi yako anayekupenda.