Ile Sukuma Kubwa Kubwa ya Mathe

Mathe ana kibanda cha mboga Kayole, na wateja wake wanajua wanachotaka: sukuma ya majani mapana, kijani mpaka inakaribia nyeusi. Inalimwa kando ya Mto Nairobi, pande za Njiru. Mimi ndiye huenda kuichukua asubuhi. Na wacha niseme ukweli: inamwagiliwa maji ya mto, na huo mto umebeba choo yetu.

Usiniite injinia, chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini hii story nimeisoma usiku kucha juu ilinisumbua. Mkojo wetu umejaa nitrojeni. Kinyesi na sabuni zina fosforasi. Ni vitu vile vile unanunua kwa gunia la mbolea. Sukuma haina maringo, inakula tu. Shida ni kwamba gugumaji pia linakula. Bwawa la Nairobi, lile la karibu na Kibera, limekaa miaka likiwa zulia la majani.

Maji taka mengi ya jiji hupelekwa Ruai, kwenye yale mabwawa yanaitwa ya Dandora na hata hayako Dandora. Pale wafanyakazi ni jua, mwani na bakteria. Nitrojeni ina mlango wa kutokea: bakteria fulani wakipata oksijeni hugeuza amonia kuwa naitreti, halafu wengine, wakinyimwa oksijeni, wanaigeuza gesi. Imeenda na upepo. Fosforasi haina huo mlango, na mabwawa ya aina hiyo huachilia nyingi ipite.

Hapa ndipo nilicheka. Kuna bakteria ukiwanyima hewa kwanza, kisha uwarudishie, wanafakamia fosforasi kama msee amelala njaa akafika harusini. Wakishiba unawatoa na tope lao. Aliyeonyesha dunia jinsi ya kujenga mtambo wa hivyo ni James Barnard, Afrika Kusini, miaka ya 1970. Si Ulaya, wadau.

Juzi nikamweleza mathe hayo yote. Akaendelea kukatakata.

"Sasa wakitoa hiyo mbolea kwa maji, sukuma itanenepa na nini?"

Nikamwambia lile tope likitibiwa vizuri linaweza kurudi shambani, bila viini.

"Sawa. Na mpaka hiyo siku, rent nitalipa na nini, baba?"

Nikanyamaza. Mteja alikuwa amesimama hapo, anataka ya thelathini. Nikamfungia, nikamwambia aioshe vizuri na aipike iive kabisa.

Kesho saa kumi na moja asubuhi niko Njiru tena.