Mama na Bima, sehemu ya 4: SHA ama bima ya kampuni?

Swali ninaloulizwa sana kliniki ya wajawazito ni hili: "Sista, niendelee na SHA ama nichukue ile ya kampuni?" Leo wacha nilijibu vizuri.

SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ukiwa umeajiriwa, unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Ukiwa mama mboga au fundi wa jua kali, unaulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yako, kisha unapangiwa kiasi chako. Hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na unalipa cha mwaka mzima kwa mpigo. Hapo ndipo wengi hukwama.

Uzuri wake ni kwamba haikukatai kwa sababu tayari una mimba, sukari au presha. Kujifungua kwa kawaida inalipia shilingi 10,000, kwa upasuaji 30,000. Ubaya wake ni kwamba hospitali nyingi za binafsi hutoza zaidi ya hapo, na tofauti unaitoa wewe.

Bima ya kampuni ina raha yake. Foleni ni fupi, na mara nyingi unachagua daktari. Lakini soma yale maandishi madogo. Nyingi zina muda wa kusubiri kabla ya kulipia uzazi, mara nyingi miezi kumi hadi mwaka. Sasa hesabu mwenyewe: mimba ni miezi tisa. Ukinunua baada ya kupima, umechelewa.

Nilimhudumia mama mmoja aliyechukua bima nzuri akiwa na mimba ya miezi mitatu. Mumewe, mfanyabiashara, akaacha kulipa SHA: "si tuko na nzuri zaidi?" Siku ya uchungu, mapokezi wakawaambia uzazi bado haujaanza kulipiwa. Ikawa upasuaji. Mtoto alitoka mzima, lakini wazazi walitoka na deni, na harambee ya WhatsApp haikufika hata nusu ya bili. Yule mama hakuwa mjinga. Hakuna aliyemwambia tu.

Jambo lingine ni kikomo. Mtoto njiti anaweza kulazwa wiki kadhaa, na kila siku inahesabiwa. Uliza mapema: mtoto mchanga analipiwa kuanzia siku gani, na mpaka kiasi gani?

Mimi nawaambia hivi: SHA ni ugali, bima ya kampuni ni mboga. Ukiwa na uwezo, kula vyote viwili. Ukiwa na kimoja tu, usiache ugali. Kama mchango wa mwaka ni mzito, anza kuweka kidogo kidogo kwenye chama mkiwa bado mnapanga mtoto, msingoje mwezi wa nane.

Na leo kabla ya kulala, bonyeza *147# uangalie: umesajiliwa? Mchango umelipwa? Jina lako liko kwa mumeo, na watoto je? Mama wengi hugundua wakiwa leba kwamba baba alijiandikisha peke yake. Saa hiyo mtu hana nguvu ya kutafuta nambari ya kitambulisho.

Baba, ukisoma hii, fanya wewe. Yeye ana kazi nyingine ya kubeba.

Sehemu ya 5: vitu vya kuweka kwa begi la hospitali.