Babu Alihesabu kwa Lugha Gani?

Mkutubi ninayemlilia hapa alifariki mwanzoni mwa 2023, wakati wa baridi kali, katika mji mdogo wa jimbo la Indiana ambako nimeishi miaka kumi na saba. Nilimwita Mama tangu siku ya pili tulipokutana, naye akaitika bila kuuliza kwa nini. Watu walimjia na bahasha za picha, vyeti vya vifo, na Biblia zenye majina ya watoto kwenye kurasa za mwanzo. Wote walitaka kujua wametoka kwa nani.

Wengi walikuwa Wamarekani Weusi, na wengi wao walikwama mahali pamoja. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuandika kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Ukirudi nyuma yake, kwenye orodha za watumwa za 1850 na 1860, unakuta jina la bwana, na chini yake mistari mitupu: mwanamke, 30, mvulana, 8. Basi. Nilimwona mwanamume mmoja akiweka kidole kwenye mstari wa mvulana kama yule na kukiacha hapo. Mama hakumharakisha. Alivuta kiti akakaa ubavuni pake, na baada ya kitambo akamuuliza: "Mwaka 1870 majirani zake walikuwa akina nani?"

Jamaa waliotoka shamba moja mara nyingi walijenga karibukaribu, kwa hiyo jina la jirani lingeweza kukuonyesha shamba, na shamba likakuonyesha bwana, na bwana aliacha wosia na hesabu za mali. Lakini mimi nilichokiona siku ile ni adabu yake. Jambo linalouma hakulifuata usoni. Alizunguka akaingia kwa mlango wa uani.

Maktabani huku Marekani huhitaji barua ya utambulisho. Unaingia, unakaa, unaomba. Kwa kilichokosekana kwetu Mama alituelekeza Fort Wayne, kwenye maktaba ya umma yenye mojawapo ya hazina kubwa kuliko zote Marekani za kumbukumbu za koo. Sensa hufungwa kwa miaka 72, kisha kila mtu anaruhusiwa kuisoma. Ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, na asubuhi hiyo Mama alituita wote tuliokuwa chumbani tukamwone mwenyewe kwenye skrini, mtoto wa miaka miwili, mstari wa tatu chini ya baba yake. Alicheka huku machozi yakimtoka. Maisha yake yote alikuwa akiwatafuta watu kwenye kurasa zile, na sasa ukurasa umemtafuta yeye.

Mimi nilikwenda kwake kwa ajili ya Masasi, kusini mwa Tanzania.

Kwetu swali la nasaba halisubiri mpaka ufike maktaba. Unaulizwa mlangoni, msibani, hata kwenye basi: wewe mtoto wa nani? Na kwa Wamakua, kabla hujamaliza kuketi, utaulizwa nihimo lako, yaani ukoo, unaoupata kwa mama. Bibi yangu alikuwa nalo la kujibu, kwa kuwa mama yake alikuwa Mmakua. Kwa upande wa baba yake alikuwa na sentensi moja tu, nayo aliisema kama mtu afungaye dirisha: "Sisi ni watu wa misheni."

Nilipokuwa mdogo nilidhani maana yake ni watu wa dini. Baadaye nikaelewa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Kanisa la Anglikana aliondoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, waliokuwa wakiishi Mbweni, akielekea nao upande wa Ziwa Nyasa. Safari ikaishia Masasi, wakajenga misheni. Babu yake bibi alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1882 Wangoni wakaivamia misheni, na mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, ikachomwa moto. Nilipokwenda kuulizia madaftari ya ubatizo katika ofisi moja, niliambiwa nije kesho kwa siku nne mfululizo, kisha likizo yangu ikaisha. Na sehemu kubwa ya barua na kumbukumbu za misheni ile imehifadhiwa Oxford, Uingereza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mama alisikiliza yote haya. Fomu yake ya ukoo ilifuata majina ya kina baba. Nilipomweleza habari ya nihimo aliigeuza, akachora upande wa nyuma mti mpya unaoanzia kwa kina mama. Kisha akauliza nani bado yu hai. Nikamtaja bibi mdogo, mdogo wake bibi, aliyekuwa ameshapita miaka themanini.

"Usimuulize walitoka wapi," alisema. "Hilo ameshafundishwa kutolijibu. Muulize babu yake alihesabu kwa lugha gani."

Jumapili iliyofuata nilipiga simu nikiwa pale pale maktabani, sauti nimeiweka nje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko kumekucha?"

Nikamuuliza. Akanyamaza, nikaogopa kwamba nimemkosea. Kisha akasema babu alikuwa na mbuzi, na jioni aliwahesabu akiwagusa migongo, naye akiwa mtoto alimfuata nyuma akimwigiza. Akaanza, polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: chimodzi, ziwiri, zitatu, zinayi, zisanu.

Hicho si Kimakua wala Kiyao. Ni Kinyanja, lugha ya watu wa kandokando ya Ziwa Nyasa. Yule mzee alikuwa ameshatembea sehemu ya njia ya kwao, akasimama Masasi, na kila jioni akaimalizia kwa mbuzi. Bibi mdogo alikuwa amezibeba namba zile miaka yote kwa sababu hakuna aliyemkataza kuhesabu.

Baada ya mazishi ya Mama nilirudi maktabani. Kijana aliyeshika nafasi yake alinifungulia droo za kadi ambazo Mama aliziandika kwa mkono, kadi moja kwa kila familia iliyopita kwake. Nikaikuta yetu, kati ya Marion na Mississippi: Masasi. Chini yake namba tano, kama alivyozisikia kwenye simu siku ile. Ya tatu ameikosea, ameandika "sitatu". Mama hakuruhusu kalamu ya wino karibu na droo zile. Nikamwomba kijana penseli.